Paka Wako Akipiga Chafya, Mwangalie Kwanza

Hotuba hii niliitoa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwenye uwanja wa ofisi ya kata moja jijini Dodoma. Nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na maswali mawili niliyoulizwa katikati.

Mbukwenyi!

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, na nyinyi watoto mliotoka Nkuhungu, Chang'ombe na Mailimbili mmebeba paka kwenye vikapu, viroba na maboksi ya biskuti: asanteni kwa kuja.

Nimeitwa hapa kuzungumzia kichaa cha mbwa, na chanjo yake tutaichoma leo mpaka mnyama wa mwisho kwenye foleni. Lakini tangu saa mbili asubuhi, nikiwa napanga sindano pale mezani, watu sita wamenijia na swali lilelile: "Daktari, huyu wangu anapiga chafya kutwa. Nimpe nini?" Na wengine saba nimewaomba wahamie na paka wao chini ya mwarobaini ule wa pili. Nimeona baadhi yenu mmenuna. Mzee wangu mmoja kaniambia, "Unamtenga paka wangu mbele za watu?" Uniwie radhi, mzee. Sababu nitaieleza, na kichaa cha mbwa nacho nitakifikia humohumo.

Nianze na hilo neno "nimpe nini", kwa sababu ndilo linalonitia hofu.

Miaka kadhaa iliyopita niliamshwa alfajiri na dada mmoja aliyekuwa amehamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam. Alikuja na paka wake jike, rangi ya chungwa, ambaye alisafiri naye kwenye basi ndani ya boksi lenye matundu. Wiki moja baada ya kufika, paka akaanza chafya. Pua ikatoka maji, macho yakajaa tongotongo. Yule dada akafanya ambalo mzazi yeyote angelifanya kwa mwanawe: alichukua nusu kidonge cha Panadol, akakisaga, akakikoroga kwenye maziwa, akamnywesha kabla ya kulala. Alipoamka usiku, uso wa paka ulikuwa umevimba, miguu ya mbele imevimba, anahema mbiombio. Nilipomfungua mdomo ulimi ulikuwa na rangi ya kahawa. Saa nne asubuhi alikuwa amekufa mikononi mwetu. Mafua yale yasingemuua. Nina hakika hiyo kwa sababu macho yake yalikuwa bado maangavu na jioni ile alikuwa amekula.

Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamo, ile dawa iliyomo kwenye Panadol, kama ini la binadamu. Dawa inabaki inazunguka kama sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu mpaka zinashindwa kubeba hewa, ndiyo maana ulimi na fizi hubadilika rangi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kabisa kumuua paka mkubwa, na nusu yake inaweza kumuua pia. Ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake ya kusaidia. Na si Panadol peke yake. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, zote ziache kabatini. Mafuta yale ya kuchua yenye harufu kali tunayojipaka kifuani tukiwa na mafua, usimpake paka. Atajilamba, na kitakachokuwa kwenye manyoya kitaingia tumboni.

Basi kabla hujamnywesha chochote, kaa chini umwangalie. Mwite, mpakate, mgeuzie kwenye mwanga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na sijaona mficha maradhi kama paka. Chafya ni moja ya vitu vichache anavyoshindwa kuvificha.

Kwanza hakikisha kwamba ni chafya kweli. Wengi wananiletea paka wa "chafya" kumbe anakohoa. Paka anayekohoa huinama, tumbo likikaribia sakafu, anarefusha shingo mbele, anakoroma kwa shida. Huyo tatizo liko kifuani, pengine ni pumu, pengine minyoo ya mapafu, na njia yake ni nyingine kabisa. Chafya ni ileile unayoijua: kichwa kinaruka, pua inapuliza.

Halafu nenda puani. Je, majimaji yanatoka matundu yote mawili, au moja tu? Ni meupe kama maji, au ni mazito ya njano na kijani, au yana damu? Yameanza lini? Anakula? Ukija kwangu na majibu hayo manne, nusu ya kazi yangu umeshaifanya.

Sasa, sisi tunakaa Dodoma. Mwezi kama huu upepo unavuma tangu asubuhi, mvua ya mwisho tumeisahau, na kila mtaa kuna nyumba inayojengwa na barabara inayochimbwa. Vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Pua ya paka iko sentimita chache kutoka ardhini, hivyo analolivuta yeye ni zito kuliko lako. Ongeza moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka usiku kucha chumbani, udi, pumba zinazopeperushwa kina mama wakipepeta mtama na uwele. Ongeza na usiku wa baridi wa Juni na Julai, paka anapolala majivuni kabisa, pua yake ndani ya jivu. Paka wa namna hii anapiga chafya mbili tatu, maji kidogo yanatoka, lakini macho ni safi, anakula vizuri, anacheza. Huyo hana ugonjwa. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, mhamishie kitanda chake mbali na jiko, mfungulie dirisha, na acha kabisa kuwashia jiko kwa vipande vya ndoo ya plastiki, maana moshi ule unawaumiza hata wanao. Siku tatu nne utaona tofauti.

Ila wengi wa wale walio chini ya mwarobaini wa pili si wa vumbi. Hapo nitakaa kidogo.

Mafua ya paka huletwa hasa na virusi vya aina mbili, hepesi ya paka na kalisi. Kwa makadirio ya vitabu vyetu vya tiba, hivi viwili vinabeba kama asilimia 80 hadi 90 ya mafua yote ya paka. Vinaweza kufuatiwa na bakteria kama klamidia na bordetela, ambao hukoleza kamasi na kuwasha macho. Paka akiambukizwa, huchukua siku mbili hadi sita kabla hajaanza kuonesha, wakati mwingine zaidi. Kisha chafya za mfululizo, macho mekundu, kamasi inaanza kama maji halafu inakuwa nzito, homa, na kukataa chakula. Kalisi ina tabia yake moja ya ziada: hutoboa vidonda kwenye ulimi na ndani ya mdomo, paka akatokwa mate.

Huyo wa kutokwa mate naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo mafua na kichaa cha mbwa vinapoweza kukuchanganya. Paka naye hupata kichaa cha mbwa, na mate humtoka vilevile. Ukiona paka ambaye hajachanjwa anatokwa mate na tabia yake imebadilika, mpole amekuwa mkali au aliyekuwa mwoga sasa anawafuata watu, usimfungue mdomo kwa mikono mitupu kutafuta mwiba wa samaki. Mfungie chumbani, muite mtaalamu wa mifugo. Na akishakuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Msingoje aanze kuchanganyikiwa ndipo muamini.

Nirudi kwa hepesi. Jambo ambalo yule dada hakulijua, na watu wengi hawalijui, ni kwamba paka akipona hepesi virusi havitoki mwilini. Vinakwenda kujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso na kulala humo maisha yake yote. Paka anaonekana mzima, anakamata panya, anazaa. Kisha siku moja linatokea la kumtikisa: amehamishwa nyumba, ameletewa mbwa mpya uani, amejifungua, mtu aliyemzoea amesafiri. Virusi vinaamka. Ikipita kama wiki moja tangu mtikisiko ule, anaanza kuvimwaga tena puani na machoni, na hali hiyo huweza kuendelea wiki moja hadi tatu.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, nimepokea paka wengi wa namna hiyo. Wanatoka Dar es Salaam kwenye hewa ya bahari, wanapakiwa kwenye boksi, wanakaa barabarani kutwa nzima, wanashushwa mahali pakavu penye upepo na harufu wasizozijua. Ikifika wiki ya pili mwenye paka anakuja kulalamika kwamba hali ya hewa ya Dodoma imemshinda mnyama wake. Hewa kavu haimsaidii, ni kweli, lakini ugonjwa alikuja nao. Kwa hiyo ukihama na paka, mpe kwanza chumba kimoja kitulivu, chenye kitambaa chake cha zamani ambacho hakijafuliwa, bakuli lake lilelile, na mahali pa kujificha. Usimwachie nyumba nzima siku ya kwanza. Nimeona hilo likipunguza mafua kuliko vidonge vingi.

Mama yangu aliyekaa pale karibu na ukuta ananiuliza: watoto wake wanalala na paka, je, watapata mafua yake? Mama, hepesi ya paka na kalisi haziwaambukizi watu, na mafua yako ya kawaida hayatoki kwa paka. Klamidia ya paka mara chache sana huweza kumwasha mtu macho, kwa hiyo mtoto aliyemfuta paka tongotongo anawe mikono kwa sabuni. Mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka awe mwangalifu zaidi, asilale naye kitanda kimoja wakati paka anaumwa.

Kwa paka wenzake ndipo kuna hatari. Chafya moja hurusha matone umbali wa mita moja hadi mbili. Hepesi ikikaukia sakafuni haimalizi siku, lakini kalisi huweza kuishi kwenye bakuli, kwenye nguo na kwenye mikono yako kwa wiki kadhaa. Mzee wangu, sasa unaona kwa nini nilikuomba uhame? Huku kwenye foleni kuna watoto wa paka wa wiki nane ambao kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mama yao ndiyo hii inaisha. Mafua yanayomsumbua paka mkubwa kwa wiki moja humpofusha mtoto wa paka jicho, au humuua.

Kuhusu usafi nyumbani: vyombo vya paka mgonjwa vitengwe. Chukua vijiko viwili vya chakula vya jiki kwenye lita moja ya maji, lowesha dakika 10, suuza vizuri sana, anika juani. Msitumie Dettol wala dawa nyingine zinazogeuka maziwa zikitiwa majini. Paka hukanyaga, hulamba miguu, na dawa hizo ni sumu kwake.

Kijana huyu mwenye fulana ya bluu anasema jirani yake humchoma paka OTC ya ng'ombe, ile antibiotiki ya sindano ya duka la dawa za mifugo, na paka hupona. Mdogo wangu, paka wengi wa mafua hupona ndani ya siku saba hadi kumi hata wasipopewa kitu, ndiyo maana sindano inapata sifa. Antibiotiki haigusi virusi. Miongozo ya kitabibu inatutaka sisi wenyewe tungoje hadi siku 10 kabla ya kumwanzishia paka ambaye bado anakula, hana homa na amechangamka. Ikibidi, mara nyingi tunaanza na doksisaiklini, tena kwa kipimo cha uzito wake, na kila kidonge lazima kifuatiwe na maji au chakula kidogo, kwani kikikwama kooni huunguza na kuacha kovu linalobana njia ya chakula. Sindano ya mnyama wa kilo 300 ukiikadiria kwa macho kwa mnyama wa kilo tatu, unacheza na figo zake. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa kuua kupe usimwogeshee paka kamwe. Nyingi zina permethrini au ndugu zake, na paka hutetemeka mpaka kufa.

Sasa tuangalie tundu moja. Paka anayetoa uchafu upande mmoja tu wa pua simchukulii kama mwenye mafua. Mvua zikishaisha, Aprili na Mei, nyasi zinabeba zile mbegu zenye miiba midogo zinazonasa kwenye kanga na suruali. Paka akipita majanini mbegu huingia puani, na miiba yake huielekeza ndani, hairudi nje. Huyu huanza ghafla: dakika moja mzima, dakika inayofuata anapiga chafya 20 mfululizo na kujikuna pua kwa mguu. Usiingize kibano, utaisukuma zaidi. Kwa paka mzee, angalia meno ya juu. Mzizi wa jino ukioza, usaha hupenya hadi puani, kwa sababu kati ya mzizi na pua kuna mfupa mwembamba sana. Harufu ya mdomo itakuambia. Nimeng'oa jino la paka wa Kizota aliyetibiwa mafua karibu mwaka mzima, na chafya zikaisha ndani ya wiki.

Wenye mabanda ya njiwa, na humu wapo, wajue kuna ukungu uitwao kriptokokasi unaostawi kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Paka akiuvuta huweza kuota uvimbe juu ya daraja la pua, uso ukabadilika umbo. Paka hakupi wewe ugonjwa huo, ila vumbi lilelile la bandani huweza kukudhuru wewe pia, kwa hiyo lowesha kinyesi kabla ya kukisomba na ufunike pua. Uvimbe mwingine unaota ndani: kwa paka wadogo mara nyingi ni vinyama visivyo saratani, kwa wazee huwa saratani. Damu puani kwa paka mzee usiilalie.

Na yule dume wa mtaani, anayepigana kila usiku, amejaa makovu, mafua hayamwachi mwaka mzima? Huenda ana virusi vinavyoshusha kinga, ambavyo madume huambukizana kwa kung'atana. Haviingii kwa binadamu. Kumhasi hupunguza vita na kumkinga asiyeambukizwa bado.

Mafua ya kawaida yanatibiwa jikoni kwako. Paka hula kwa pua: asiposikia harufu hali, na asipokula siku tatu, hasa akiwa mnene, ini lake hujaa mafuta na hapo tunapigania maisha. Kwa hiyo chemsha dagaa au kichwa cha samaki, bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu damu yake. Mpe supu ikiwa vuguvugu, ili mvuke uibebe harufu. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, mfute pua na macho mara nne kwa siku, kila jicho na pamba yake. Usiku mfungie bafuni pamoja nawe, na beseni la maji ya moto mahali asipoweza kulifikia, dakika 10 hadi 15, mvuke ulegeze kamasi. Dawa ya macho ya binadamu usimtie hata tone, kwani nyingine zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho lenye kidonda cha hepesi likiwekewa steroidi hutoboka.

Njooni bila kungoja mkiona paka anahema kwa mdomo wazi, hajala siku nzima, jicho limefunga au limekuwa la buluu, au chafya zimepita siku 10. Mtoto wa paka aliyekataa chakula nusu siku, njooni usiku huohuo, nitafungua.

Chanjo ya mafua ipo, lakini siyo hii ya leo, msije mkanidai. Huchanjwa pamoja na ugonjwa hatari wa kuhara damu wa paka, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, ikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Haizuii kila chafya. Inachofanya ni kumpunguzia ukali, na nimeshaona tofauti ndani ya nyumba moja, waliochanjwa wakipiga chafya siku mbili na asiyechanjwa akipoteza jicho.

Sasa tuanze kazi. Wale wa mwarobaini wa pili nitawafuata mimi mwenyewe mwishoni, nikiwa nimevaa koti jingine, ili nisiwabebee wengine kitu. Kila mmoja nitampima joto: kati ya nyuzi 38 na 39.2 yuko sawa na atachanjwa leo, mwenye homa nitamwandikia tarehe nyingine. Mzee wangu, wewe ndiye wa kwanza kule. Foleni hii ianze na wenye watoto wa paka, na tafadhali maboksi yaachane hatua mbili.